Umefunga kromu kwenye usukani na pikipiki imeanza kusumbua? Anzia hapa

Jumamosi moja asubuhi kijana alisukuma Boxer yake mpaka kibandani kwangu, Ngamiani hapa Tanga. Usukani wote ulikuwa unameremeta: mikono ya klachi na breki, makasha ya swichi, saiti mira, hata vizibo vya ncha. Alivifunga mwenyewe usiku, barazani kwao. "Fundi, gia zinakwaruza na nyutro siipati. Nahisi sahani za klachi zimekwisha." Sahani zake zilikuwa nzima kabisa. Shida ilikuwa mkono mpya wa klachi. Tulipoulaza sambamba na ule wa zamani na kuweka rula, tofauti yao ilikuwa milimita nne.

Tangu hapo nimeletewa kesi nyingi za namna hiyo, na nyingi zimenifundisha jambo moja. Kromu yenyewe haiharibu pikipiki. Kinacholeta ugonjwa ni kipimo: kifaa kipya kinafanana na cha zamani kwa macho lakini hakilingani nacho kwa milimita. Kwa hiyo kabla hujafungua injini, kabla hujanunua sahani za klachi wala pedi za breki, kitafute kile kifaa ulichokivua. Kama umekitupa, umetupa kipimo chako. Kama bado unacho, kifute grisi, kiweke juu ya kitambaa pembeni ya kipya, na usome hapa kulingana na kile pikipiki inachokufanyia.

Kitu cha kwanza kabisa ni unene wa bomba la usukani. Pikipiki karibu zote tunazoendesha huku, za biashara na za nyumbani, zina bomba la milimita 22. Pikipiki kubwa za Kimarekani kama Harley-Davidson hutumia bomba la inchi moja, yaani milimita 25.4. Vifaa vya kromu vya aina zote mbili huuzwa meza moja Kariakoo, na havikuandikwa kitu. Kasha la 25.4 likikaa kwenye bomba la 22 litacheza, na hapo ndipo mtu hukata kipande cha kopo la soda au cha tyubu akakichomeka katikati. Usifanye hivyo. Siku utakapovuta breki kwa nguvu zako zote, kile kipande kitateleza na mkono utazunguka nao.

Gia zinakwaruza, klachi haikati, nyutro haipatikani

Hii ndiyo ya kijana wangu, na ndiyo inayokuja mara nyingi kuliko zote.

Chukua mkono wa zamani. Pima kutoka katikati ya tundu la bolti ambapo mkono unazungukia, hadi katikati ya tundu linapokaa kichwa cha waya. Pima na mpya vivyo hivyo. Umbali huo mfupi ndio unaoamua waya utavutwa kiasi gani. Tuseme wa zamani una milimita 28 na mpya una 24, na kila mmoja unauvuta kwa pembe ya nyuzi 25. Wa zamani utavuta waya kama milimita 12, mpya utavuta 10 na nusu. Milimita moja na nusu inaonekana ndogo, lakini klachi ya pikipiki ndogo haina akiba kubwa: sahani hazitengani vizuri, gurudumu linaendelea kusukumwa hata ukiwa umeubana mkono mpaka mwisho, na gia inaingia kwa kelele.

Dalili inayokuambia mapema ni hii: mkono mpya ni mwepesi kuliko ule wa zamani. Wateja huufurahia wepesi huo, wakidhani ni ubora. Umbali ukipungua, mkono unakuwa mwepesi na waya unavutwa kidogo. Umbali ukizidi, waya unavutwa vizuri lakini ukishinda kwenye foleni kutwa nzima kiganja kitakuuma.

Dawa yake? Watu huzungusha kirekebishi, ile skrubu ya kukaza na kulegeza waya, mpaka uchezo wote wa mkono uishe (yaani ule mwendo wa bure kabla waya haujaanza kuvuta), ili kila milimita iende kwenye kazi. Gia zitatulia kwa siku chache, halafu utapata ugonjwa wa pili: klachi inateleza. Resi inapanda, mwendo hauongezeki, na ukipanda mlima kutoka Mombo kwenda Soni na abiria nyuma utasikia harufu ya sahani zinazoungua. Waya usio na uchezo unazivuta sahani muda wote, hata mkono wako ukiwa umeupumzisha. Pikipiki nyingi ndogo za Honda hutaka uchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono. Angalia kitabu cha yako. Kama ukiacha uchezo huo klachi haikati, mkono huo si wa pikipiki yako, hata uwe mzuri vipi. Rudisha wa zamani au tafuta mwingine wenye kipimo. Kijana yule alirudisha mkono wake mweusi upande wa kushoto na kromu nyingine zote zikabaki.

Ukiwa hapohapo, tazama mambo mawili. Kichwa cha waya lazima kizunguke ndani ya tundu lake kila unapovuta. Kikikaza, waya unakunjika palepale na nyuzi zake zinaanza kukatika moja moja. Weka grisi kidogo. Jambo la pili: kirekebishi na nati yake vina mpasuo wa kupitishia waya. Ukishamaliza, zungusha ili mipasuo hiyo isielekeane, la sivyo waya utachomoka barabarani.

Breki ya mbele inashika yenyewe

Hii inawahusu wenye breki ya mafuta, yaani diski. Wenye breki ya waya mbele, kama Boxer na TVS nyingi za biashara, rudini kwenye vipimo vya klachi hapo juu; hesabu ni ileile.

Mwenye pikipiki anasema hivi: "Asubuhi iko sawa. Nikienda kilomita mbili tatu na breki za hapa na pale, inakuwa nzito. Mkono wa breki unakuwa mgumu kama jiwe. Nikipumzika nusu saa inarudi kawaida." Ukisikia maneno hayo, usifungue kalipa kwanza, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Angalia ulimi wa mkono, ile sehemu fupi inayosukuma pistoni ya masta (pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye usukani).

Ndani ya masta kuna tundu dogo sana linalounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Ukiachia breki, pistoni inarudi nyuma, tundu linabaki wazi, na mafuta yaliyopanuka kwa joto yanapata njia ya kurudi. Ulimi wa mkono mpya ukiwa mrefu hata kwa milimita moja, pistoni hairudi mpaka mwisho na tundu linazibwa. Sasa kila ukipiga breki mafuta yanapata joto, yanapanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma pedi kwenye diski, joto linazidi, na mwishowe gurudumu la mbele linafungwa ukiwa kwenye mwendo. Mpanda pikipiki hatoki salama hapo, kwa hiyo usiambiwe "itajizoesha".

Kipimo chake ni rahisi. Breki ikiwa imeshika, simamisha pikipiki, inua gurudumu la mbele, fungua bolti ya mkono wa breki na uuvue. Gurudumu likianza kuzunguka huru wakati huohuo, umepata jibu: ni mkono. Likibaki limeshika, tatizo liko chini, kwenye pistoni za kalipa au mpira wa breki (bomba linalopitisha mafuta). Njia ya pili ni kufungua kifuniko cha kikopo, uso ukiwa mbali, na kubonyeza mkono polepole. Mwanzo tu wa kubonyeza unatakiwa uone mafuta yakichemka kidogo juu ya lile tundu. Usipoona kitu, limezibwa.

Nimeona mafundi wakipiga tupa ule ulimi. Mimi sifanyi, na nakuomba usifanye. Huwezi kuupata mkunjo wake kwa tupa, na pale ulipokwangua kromu chuma kitaanza kuoza na kukwaruza pistoni. Kuna mikono yenye skrubu ya kurekebisha hapo kwenye ulimi. Hiyo ifungue mpaka uhisi uchezo mdogo kabla ulimi haujagusa pistoni, kisha kaza nati yake.

Kama ulibadilisha masta yote ili ipendeze na sasa mkono unazama kama sponji, kuna upepo ndani ya mafuta. Toa upepo mpaka mkono uwe imara. Washa (vile vipete bapa) za shaba au alumini kwenye bolti ya mpira wa breki ziwe mpya, kwa sababu za zamani zilishabonyezwa mara moja na hazitaziba tena vizuri. Mafuta ya kujazia ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini hapana, hata tone: mipira ya ndani itavimba na breki yote itakufa. Na ukimwagikiwa na mafuta ya breki kwenye tangi, osha kwa maji papo hapo, yanakula rangi.

Taa ya breki haizimi, au haiwaki, selfu imenyamaza

Karibu na kila mkono kuna swichi ndogo yenye kichomozi. Kwenye breki nyingi inafanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: mkono ukipumzika, kisigino chake kinakibonyeza kichomozi na taa inazima. Ukivuta breki, kichomozi kinatoka nje na taa inawaka. Mkono wa kromu wenye kisigino kifupi haukifikii, kwa hiyo taa inawaka muda wote, na aliye nyuma yako hajui lini umepunguza mwendo. Ukiwa na kisigino kinene au kasha lenye grisi iliyoganda, kichomozi kinabaki ndani na taa haiwaki kabisa.

Bonyeza kichomozi kwa kidole, mkono ukiwa umevuliwa. Taa ikiitikia kidole, swichi ni nzima na kosa ni la mkono. Upande wa klachi nako kuna swichi: kwenye pikipiki zinazotaka ubane klachi ndipo selfu (kitufe cha kuwashia injini) ifanye kazi ukiwa kwenye gia, mkono usipoiendesha swichi inavyotakiwa utabonyeza selfu bure huku betri ikiwa imejaa. Usigundishe kijiti wala bablishi kwenye kichomozi. Kitadondoka siku ya mvua usiku.

Resi inapanda ukikata kona, au mkono wa mafuta haurudi

Washa injini, iache kwenye sailensa, yaani iungurume bila kuvuta mafuta, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Resi isibadilike hata kidogo. Ikipanda, waya wa mafuta umevutwa: ama ulipitishwa njia nyingine ulipofunga kasha jipya, ama usukani mpya ni mrefu au umeinuka kuliko wa zamani na waya haufiki. Rudisha waya kwenye njia yake ya mwanzo, nyuma ya taa na mbali na shingo ya fremu. Kama bado, nunua waya mrefu.

Sasa zima injini, fungua mkono wa mafuta, ile gripu ya kulia unayozungusha kuongeza mwendo, mpaka mwisho na uachie. Unatakiwa urudi wenyewe kwa kishindo kidogo, tak. Urudi hivyo usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Ukirudi kwa uvivu, sababu ni chache na zote ziko mkononi mwako. Skrubu za kasha la kromu zimekazwa mno na zinaubana mrija unaozunguka. Gripu inagusa kasha upande mmoja au kizibo cha ncha upande wa pili; acha nafasi kama ya unene wa kadi mbili za benki. Au umeweka gripu ya kushoto upande wa kulia. Hazifanani: ya kulia ina tundu pana kwa sababu inavaa juu ya mrija, na ukiilazimisha ya kushoto inaubana mrija. Kuna na gundi. Gundi ya gripu ikivujia ndani, mrija unashikana na bomba polepole, na unaligundua jambo kesho yake.

Mkono wa mafuta usiorudi ni sababu ya kuiacha pikipiki hapohapo ilipo. Usiende nayo hata dukani kununua waya. Ikikukuta barabarani, bana klachi na uzime kwa swichi nyekundu, usipoteze muda kupigana na gripu.

Fyuzi inakatika kila mara

Kasha la swichi la zamani lilikuwa la plastiki. La kromu mara nyingi ni chuma, na chuma hicho kimeshikana na usukani, ambao ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Waya uliobanwa kwenye plastiki hausemi kitu. Waya huohuo ukibanwa kwenye chuma na ganda lake likachanika, ni shoti.

Vua fyuzi. Chukua taa ya indiketa ya volti 12 yenye nyaya mbili na uiunganishe mahali pa fyuzi. Zima vitu vyote, washa ufunguo. Taa ikiwaka kwa nguvu zake zote, shoti ipo. Sasa zungusha usukani taratibu kushoto na kulia, bonyeza honi, indiketa, dimu, moja moja. Inapofifia au kuzima ghafla, au inapowaka ghafla, hapo ulipogusa ndipo penye ugonjwa. Fungua kasha utazame mstari wanapokutana nusu mbili zake. Mara nyingi utaona waya umelala pale umebonyea kama mdomo wa samaki, shaba ikichungulia. Usiuzungushie tepu ukarudisha vilevile. Kata, unga, solda, vika mrija wa kuzibia, kisha upitishe kwenye mfereji wake. Fyuzi mpya iwe na ampea zilezile. Anayeweka kipande cha waya au karatasi ya sigara anaufanya mkusanyiko mzima wa nyaya chini ya tangi kuwa ndiyo fyuzi.

Kasha au mkono unazunguka kwenye bomba

Tazama ndani ya kasha la zamani: lina pini fupi inayoingia kwenye tundu la bomba. Pini ya kasha jipya isipoliona tundu, watu huikata. Kasha litakaa, lakini kila unapovuta mafuta linajaribu kuzunguka nawe. Ni afadhali kutafuta kasha ambalo pini yake imekaa mahali pake.

Kwa mkono wa breki, tafuta maandishi "UP" kwenye kile kishikizi kinachofunga masta kwenye bomba. Yaelekee juu. Kaza bolti ya juu mpaka nusu zikutane, kisha ya chini. Nafasi ibaki chini. Kwa bolti hizo za milimita 6, mkazo wa nyutoni-mita 12 hivi unatosha, yaani spana fupi na mkono mmoja bila kujining'iniza. Vifaa vingi vya bei rahisi ni zinki ya kumimina, na ukizidisha vinapasuka bila onyo. Ukitazama ndani ya ufa utaona rangi ya kijivu yenye chembechembe kama sukari. Dukani unaweza kuvitambua kwa uzito. Zinki ni nzito kuliko alumini zaidi ya mara mbili. Mkono mmoja ukiwa mzito kiganjani kuliko ule wa zamani wa umbo lilelile, urudishe mezani.

Kromu inatoa malengelenge

Hapa Tanga, na pwani yote hadi Mombasa, ndipo kromu inapopimwa. Ile ngozi inayong'aa ni nyembamba mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Inayokinga chuma kisioze ni nikeli iliyo chini yake, na nikeli ikiwa haba, chumvi ya upepo wa bahari inapenya kwenye vinyufa visivyoonekana na kutu inaanzia chini kwenda juu. Kwanza vidoa vya kahawia, kisha malengelenge, kisha maganda. Ganda la kromu ni wembe. Nimewahi kumfunga dereva kitambaa kiganjani, amekatwa na mkono wake mwenyewe wa breki.

Kidoa cha mapema kinatoka kwa karatasi ya foili ya jikoni iliyolowekwa maji, ukisugua taratibu. Sufuria-waya, mchanga na maji ya betri viache. Osha kwa maji baridi kila ulipopita ufukweni, kausha, paka nta. Lengelenge likishapasuka, hakuna dawa ya kibandani, badilisha. Na usipeleke bolti ngumu za kushikia usukani kwa mtu wa kupaka kromu ili zifanane na vingine: tindikali na umeme wa kazi hiyo huingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu, na bolti inaweza kukatika siku nyingine bila kupinda kwanza.

Saiti mira hazikazi; jua linakupiga machoni

Nyuzi za saiti mira ni za milimita 8 au 10, na pikipiki nyingi za Yamaha zina upande wa kulia unaofungwa kinyume. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, simama, usiilazimishe kwa spana.

Kuhusu jua: ukiona mng'ao unakupiga alasiri ukielekea magharibi, zungusha makasha kidogo uso wa juu usikuelekee. Kama bado, paka rangi nyeusi isiyong'aa ile sehemu ya juu tu inayokutazama. Wengine wataendelea kuiona kromu yako kutoka mbele na pembeni, na wewe utaiona barabara.